Kiingereza cha Mwanafunzi wa Lishe: Safari ya Kwenda Bila Kurudi

Utangulizi

Huenda baadhi ya wasomaji wa jarida hili wakashangaa kuona idara ya Kiswahili ikijitia katika mambo ya ufundishaji wa Kiingereza. Hatukusudii kuvamia shamba la jirani. Sababu yetu ni kwamba wanafunzi wanaosoma sayansi ya chakula na lishe ndio hao hao wanaotujia kwa somo la Kiswahili. Asubuhi wanafundishwa Kiingereza cha kitaaluma, alasiri wanaingia katika darasa letu, na yale wasiyoyaelewa asubuhi hujitokeza alasiri. Mwalimu wa Kiswahili akimwomba mwanafunzi aeleze kwa maneno mepesi jambo alilolisoma kwa Kiingereza, hugundua haraka kama jambo hilo lilieleweka au lilikaririwa tu.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki kitabu ambacho kwa muda mrefu kimekuwa mwongozo wa walimu wa Kiingereza cha kitaaluma, yaani English for Specific Purposes cha Tom Hutchinson na Alan Waters, kilichochapishwa Cambridge mwaka 1987. Aidha tutahakiki aina ya kozi zinazodai kukifuata. Hoja yetu ni moja. Kozi hizi zinampeleka mwanafunzi kwenye Kiingereza na kumwacha huko. Mtaalamu wa lishe hana budi kwenda na kurudi, kwa kuwa chakula anachokisomea kwa Kiingereza huliwa na watu wanaozungumza Kinyarwanda na Kiswahili.

Mazingira yetu

Kabla ya kukigusa kitabu, ni vyema tukumbushane tulipo. Mwaka 1996 Kiingereza kiliongezwa kuwa lugha rasmi ya Rwanda pamoja na Kinyarwanda na Kifaransa. Mwezi Oktoba 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia badala ya Kifaransa. Mwaka 2007 nchi ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2009 ikajiunga na Jumuiya ya Madola. Mwaka 2013 taasisi za umma za elimu ya juu ziliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, na masomo ya kilimo na chakula yakawa na makao Busogo, wilayani Musanze. Mwaka 2017 Kiswahili nacho kikapewa hadhi ya lugha rasmi. Katika kipindi cha miaka ishirini na moja, basi, nchi ilibadilisha lugha ya kufundishia na kuongeza lugha rasmi mbili. Mhadhiri wa lishe mwenye umri wa miaka arobaini na zaidi aghalabu alisoma kwa Kifaransa yale anayoyafundisha leo kwa Kiingereza.

Sasa tutazame mtaa mmoja. Busanza, katika sekta ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro, ni mahali ambapo mashamba madogo, nyumba za zamani na nyumba mpya vimekaa pamoja. Ndipo walipohamishiwa wakazi wa Kangondo na Kibiraro, kule Nyarutarama, katika kazi iliyokamilika mwaka 2022. Katika mtaa kama huu, mtoto wa chini ya miaka mitano hupimwa na mjumbe wa afya wa jamii, na akina mama hukutana katika kile kinachoitwa igikoni cy'umudugudu, yaani jiko la kijiji, kuonyeshana namna ya kumpikia mtoto chakula kilichokamilika. Hapa ndipo mwanafunzi wa lishe anapokuja kwa mafunzo ya vitendo. Lugha ya jiko hilo ni Kinyarwanda. Miongoni mwa wakazi wa Kigali waliowahi kuishi Tanzania, Uganda au Kongo, na miongoni mwa madereva na wafanyabiashara, Kiswahili nacho husikika. Kiingereza hakipiki katika jiko hilo.

Jambo lenyewe si dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014/15 uliona kwamba asilimia 38 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Ule wa mwaka 2019/20 uliona asilimia 33. Kiwango kilishuka, lakini bado mtoto mmoja kati ya watatu alikuwa mfupi kuliko umri wake ulivyotaka. Mtaalamu wa lishe asipoeleweka, anayeumia ni mtoto huyo.

Kitabu kinasema nini

Hutchinson na Waters waliandika wakati ambapo walimu wengi waliamini kuwa Kiingereza cha sayansi ni Kiingereza cha namna yake. Walioanza katika miaka ya 1960 walihesabu maneno na miundo inayojirudia katika vitabu vya sayansi, kisha wakafundisha orodha hizo. Waliofuata walichunguza jinsi sentensi zinavyoungana kujenga hoja. Baadaye, hasa kutokana na kazi ya John Munby ya mwaka 1978, ikaja mbinu ya kuchunguza mazingira ambamo mwanafunzi atakuja kuitumia lugha.

Hutchinson na Waters walikubali mema ya hatua hizo zote, lakini wakadai kwamba zote zilitazama lugha na kusahau kujifunza. Kwao, Kiingereza cha malengo maalumu ni namna ya kulikabili darasa, wala si aina ya pekee ya Kiingereza. Swali la kwanza la mwalimu ni hili: mwanafunzi huyu anajifunza Kiingereza kwa nini? Ili kulijibu, wanatenga mambo matatu: yale ambayo mwanafunzi hana budi kuyajua, yale anayoyakosa kwa sasa, na yale anayoyataka mwenyewe. Wanaifananisha kozi na safari. Upungufu wa mwanafunzi ndio kituo cha kuanzia na mambo ya lazima ndiyo mwisho wa safari. Juu ya hayo kuna njia yenyewe, na wao wanasisitiza kwamba kuijua njia ni muhimu kama kujua mahali pa kufikia.

Ubora wa kitabu

Haki ya kwanza ya mhakiki ni kukiri mazuri. Kitabu hiki kina mema mengi, na mwalimu yeyote wa lugha, hata wa Kiswahili, atafaidika akikisoma.

Kwanza, kimeandikwa kwa lugha nyepesi, jambo ambalo ni nadra kwa waandishi wa nadharia za ufundishaji. Pili, kinamkataza mwalimu kudhani kwamba kumpa mwanafunzi wa lishe orodha ya vitamini kwa Kiingereza ni kumfundisha Kiingereza cha lishe. Orodha hiyo anaipata kwa mhadhiri wake wa lishe. Tatu, kinamheshimu mwanafunzi kama mtu mzima mwenye akili na haja zake.

Laiti kozi tunazoziona zingefuata haya tu, tungekuwa mbali. Ukweli ni kwamba kozi nyingi zina jina la malengo maalumu ilhali ndani yake mna nyakati za vitenzi, barua ya kuomba kazi na kifungu cha habari kuhusu uchafuzi wa mazingira. Mwanafunzi wa lishe, wa uhasibu na wa utalii wanapewa makaratasi yale yale. Mtihani unawauliza wajaze mapengo. Kozi ya namna hiyo haina haki ya kujitetea kwa jina la Hutchinson na Waters, maana swali lao la kwanza halikuulizwa.

Upungufu: safari isiyo na marejeo

Pamoja na sifa hizo, tunaona upungufu mmoja mkubwa katika picha yenyewe ya safari. Safari ya kitabu ina mwanzo na mwisho, na mwisho wake uko ndani ya Kiingereza: kusoma kitabu cha fani, kusikiliza mhadhara, kuandika ripoti. Mwanafunzi akifika hapo, kozi imekamilika. Lugha aliyotoka nayo nyumbani inatazamwa kama mahali pa kuanzia tu, na haipewi nafasi miongoni mwa yale ambayo hana budi kuyamudu.

Kwa rubani, huenda hilo likatosha, kwa sababu anaongea Kiingereza na mwongoza ndege ambaye naye anaongea Kiingereza. Kwa mtaalamu wa lishe wa Busanza halitoshi hata kidogo. Atasoma mwongozo kwa Kiingereza, atajaza fomu kwa Kiingereza, atatuma ripoti kwa Kiingereza, lakini katikati ya kusoma na kujaza kuna mama mwenye mtoto mgongoni. Tukifuata maneno ya kitabu chenyewe, kuzungumza na mama huyo ni jambo la lazima. Kwa nini basi halimo katika kozi? Kwa sababu mazungumzo hayo hayafanyiki kwa Kiingereza, na mwalimu wa Kiingereza ameona hayamhusu. Mwalimu wa lishe naye anadhani ni kazi ya walimu wa lugha. Nasi wa Kiswahili tumekaa tukisubiri tualikwe.

Tuwe waadilifu. Waandishi hawakukataza jambo hili, na mtu akitaka anaweza kulipachika katika utaratibu wao. Hata hivyo, kitabu kilichojengwa juu ya swali la haja za mwanafunzi kilipaswa kutambua kwamba sehemu kubwa ya wanafunzi wa Kiingereza cha kitaaluma duniani ni watu wa lugha mbili au tatu ambao kazi yao ni kuvusha maarifa. H. G. Widdowson alikuwa amelikaribia zaidi jambo hili katika Teaching Language as Communication cha mwaka 1978, alipotetea matumizi ya tafsiri na ya masomo ambayo mwanafunzi anayajua tayari. Kwa bahati mbaya, mbegu hiyo haikumwagiliwa maji ya kutosha.

Ushahidi wa lugha yenyewe

Huenda msomaji akasema kwamba kuvusha maarifa ni jambo la baadaye, na kwamba kwanza mwanafunzi akijue Kiingereza. Sisi tunadai kinyume chake: kurudi ndiyo njia bora ya kujua kama mtu amefika. Tutatoa mifano minne.

Mfano wa kwanza ni nomino ambatani. Kiingereza cha sayansi hupenda kupanga majina bila viunganishi, na kiini cha maana hukaa mwisho. Fikiria "iron deficiency anaemia prevalence survey", majina matano yaliyosimama kwa mstari. Mzungumzaji wa lugha ya Kibantu amezoea kukutana na kiini mwanzoni. Kwa Kiswahili tunaanzia mwisho wa mstari ule: uchunguzi wa kiwango cha kuenea kwa upungufu wa damu unaosababishwa na ukosefu wa madini ya chuma. Tafsiri ni ndefu, lakini hakuna uhusiano uliofichwa. Tazama pia "infant feeding" na "bottle feeding". Kwa sura ni ndugu wawili. Kwa maana, katika la kwanza mtoto mchanga ndiye anayelishwa, na katika la pili chupa ndicho chombo cha kulishia. Kiswahili kinamlazimisha mwanafunzi kuchagua: ulishaji wa mtoto mchanga, lakini ulishaji kwa chupa. Asiyejua achague "wa" au "kwa" hajaelewa Kiingereza alichokisoma, hata kama anakitamka kama mtangazaji wa redio.

Mfano wa pili ni maneno ya kawaida yenye kazi ya pekee katika fani. "Culture" alilifahamu sekondari kuwa utamaduni. Katika maabara ya maziwa ni bakteria waliokuzwa ili kugandisha mtindi. "Solution" alilijua kuwa ufumbuzi, sasa ni myeyusho. Lililo zito zaidi ni "wasting". Mtu akishika kamusi ya kawaida ataandika upotevu au ufujaji, kumbe mtaalamu anazungumzia ukondefu, hali ya mtoto kupungua uzito hata usilingane na urefu wake. Mama akiambiwa kwamba mwanawe amepotea kwa kiasi, atashika kichwa. Inatakiwa aambiwe: "Mama, mtoto amekonda, na tumeupima mkono wake. Utepe umeonyesha rangi ya njano, maana yake mkono umepungua chini ya sentimita 12.5 lakini haujafika chini ya 11.5. Hajafika kwenye hatari kubwa, ila tukimwacha hivi atafika." Hapo Kiingereza kimefanya kazi yake na kimerudi nyumbani.

Mfano wa tatu unatokana na historia yetu ya Kifaransa. Mwanafunzi aliyesoma kwa Kifaransa akikutana na "preservative" katika lebo ya jemu hulisikia neno la Kifaransa linalofanana nalo, ambalo maana yake ni kondomu. Darasa hucheka, na kwa kucheka hukumbuka. Lakini kuna tofauti isiyochekesha, nayo ni ya tarakimu. Katika maandishi ya Kifaransa mkato hutenga sehemu ya desimali, na katika Kiingereza mkato hutenga maelfu. Kwa hiyo 1,500 kwa msomaji mmoja ni moja na nusu, na kwa mwingine ni elfu moja na mia tano. Katika kupima mchanganyiko wa vitamini wa kutia katika unga wa uji, kosa hilo ni la mara elfu moja. Katika makaratasi ya kozi za Kiingereza tuliyoyasoma hatukuona hata zoezi moja la kusoma tarakimu.

Mfano wa nne ni vitenzi vidogo vya Kiingereza cha viwango. Katika uandishi wa viwango "shall" ni sharti, "should" ni ushauri, na "may" ni ruhusa. Katika lebo ya biskuti, hata hivyo, "may contain nuts" si ruhusa, bali ni tahadhari kwamba huenda humo mna karanga au kokwa nyingine. Neno moja linataka tafsiri mbili, yaani "inaruhusiwa" na "huenda". Mtu mwenye mzio wa karanga akipewa tafsiri isiyo sahihi anaweza kupoteza maisha.

Majirani wametuonyesha

Je, lishe inaweza kusemwa kwa lugha zetu bila kupoteza usahihi wake? Jibu liko katika historia ya jirani. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya redio na vikundi vya kujisomea iliyoitwa Mtu ni Afya, nayo ikawafikia watu takriban milioni 2. Mwaka 1975 ikafuata kampeni iliyohusu lishe, Chakula ni Uhai. Watu walikaa chini ya miti, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu vya Kiswahili, wakajadiliana na kuamua la kufanya kijijini mwao. Walioandaa vipindi hivyo hawakukosa elimu ya Kiingereza. Waliisoma sayansi katika lugha hiyo, wakairejesha kwa Kiswahili. Hadi leo wanafunzi wa shule katika eneo letu huyataja makundi ya vyakula kwa kazi yake: vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili. Kinyarwanda kinayo migao hiyo hiyo.

Mfano wa karibu zaidi ni neno sumukuvu. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake nchini Kenya, mahindi yaliyoota kuvu yaliwadhuru watu 317 na kuua 125 miongoni mwao. Mwaka 2016 maafa kama hayo yalitokea katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Kitaalamu sumu hiyo huitwa aflatoksini. Kiwango cha Afrika Mashariki cha nafaka ya mahindi, EAS 2, kinaweka kikomo cha jumla cha mikrogramu 10 kwa kilo. Mkulima anayeanika mahindi yake juu ya ardhi hana mahali pa kuliweka neno aflatoksini. Akiambiwa sumukuvu, neno lenyewe linamfundisha: kuna kuvu, na kuvu hiyo ina sumu. Mwezi Machi 2021 Kenya ilipozuia kwa muda mfupi mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hii, wafanyabiashara walioumia hawakuwa wasomaji wa majarida ya kisayansi. Aliyeweza kuwasaidia ni mtu mwenye uwezo wa kusoma EAS 2 kwa Kiingereza asubuhi na kuieleza kwa Kiswahili sokoni mchana.

Wala tusidhani kwamba mkondo huu wa maneno hutiririka upande mmoja. Neno "kwashiorkor", ambalo kila mwanafunzi wa lishe hulisoma kama Kiingereza, ni neno la lugha ya Ga ya Ghana. Daktari Cicely Williams alilisikia kwa akina mama wakati nchi hiyo ikiitwa Gold Coast, akaliingiza katika maandishi ya kitabibu mwaka 1935. Sayansi iliwasikiliza akina mama, nayo ikapata jina. Wanyarwanda huuita ugonjwa huo bwaki, na Waswahili unyafuzi. Mwanafunzi anayelijua neno la Kiingereza bila kujua bwaki wala unyafuzi amesoma ugonjwa wa vitabuni tu.

Pingamizi mbili

Tunatarajia pingamizi kutoka pande mbili.

Upande wa kwanza watasema kwamba suluhisho ni kufundisha lishe yote kwa Kiswahili au Kinyarwanda. Sisi tunakipenda Kiswahili, na ndicho kinachotulisha, lakini hatuwezi kumdanganya mwanafunzi. Viwango vya kanda, miongozo ya Codex Alimentarius na majarida ya utafiti hayamsubiri mtu. Mhitimu asiyesoma Kiingereza vizuri atategemea wengine wamsomee, na anayesomewa hawezi kuhoji.

Upande wa pili watasema kwamba kuchanganya lugha darasani kunamchelewesha mwanafunzi, na kwamba dawa ni Kiingereza tupu tangu mlango wa darasa. Tunawajibu kwamba ukimya wa mwanafunzi katika darasa la Kiingereza tupu usihesabiwe kuwa ni kuelewa. Tumewasahihishia wanafunzi walioandika kwa Kiingereza fasaha aya nzima kuhusu ulishaji wa nyongeza, kisha walipoombwa kwa Kiswahili waseme mtoto aanze kulishwa lini na kwa nini, wakakwama. Hawakukosa msamiati wa Kiswahili, maana waliruhusiwa kutumia Kinyarwanda pia. Kilichokosekana ni maana. Miezi 6 ni tarakimu ndogo, na "kwa nini" yake inaeleweka kwa mama yeyote: maziwa ya mama peke yake hayatoshelezi tena mahitaji ya mtoto anayekua.

Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na uhakiki huu tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kozi ya Kiingereza kwa wanafunzi wa chakula na lishe ianze na maandishi halisi ya fani: lebo, kiwango, jedwali la virutubisho, fomu ya upimaji.

Pili, kila mada imalizike kwa marejeo. Baada ya kusoma na kuandika kwa Kiingereza, mwanafunzi asimame aeleze jambo lile lile kwa Kinyarwanda au Kiswahili kwa mtu asiye wa fani, na wenzake wamsahihishe.

Tatu, mtihani uyapime marejeo hayo. Mambo yasiyotahiniwa hayasomwi. Sehemu ya alama itolewe kwa maelezo ya mdomo kwa lugha ya jamii, na mtahini awe mwalimu wa lugha pamoja na mwalimu wa lishe.

Nne, idara yetu iache kusubiri mwaliko. Tuandae faharasa ya istilahi za chakula na lishe katika Kiingereza, Kinyarwanda na Kiswahili, tukianza na zile zinazosemwa kila siku: udumavu, ukondefu, unyafuzi, utapiamlo, upungufu wa damu, sumukuvu, kihifadhi chakula, ulishaji wa nyongeza. Tanzania imetangulia kutunga nyingi kati ya hizi, nasi hatuna haja ya kuvumbua gurudumu jipya kwa kila neno. Kazi yetu ni kuzikusanya, kuzijaribu mbele ya watumiaji, na kukataa zile zisizoeleweka. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na unga wa Kigali unaokwenda Goma na Bukavu hukutana huko na wanunuzi wazungumzao Kiswahili. Faharasa hii basi itakuwa na soko pia.

Hutchinson na Waters walitufundisha kuuliza mwanafunzi anajifunza Kiingereza kwa nini, na kwa hilo tunawashukuru. Jibu la Busanza ni kwamba anajifunza ili mtoto asidumae. Tukilikubali jibu hilo, hatuwezi tena kumpa cheti mwanafunzi aliyefika kwenye Kiingereza akashindwa kurudi. Tunawaalika wenzetu wa idara ya Kiingereza na wa lishe tukae meza moja kabla mtaala wa mwaka ujao haujapitishwa, na tunawaomba wasomaji wa jarida hili watuletee istilahi wanazozisikia sokoni, zahanati na majikoni. Hizo ndizo tutakazoanza nazo.